Zakat yangu niipe taasisi ya madrasa na mihadhara?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nina duka la vitenge hapa Tanga. Kuna taasisi ya kheri inayosimamia madrasa na kuandaa mihadhara ya hadhara kila Ramadhani. Wameniomba zakat yangu ya mwaka huu, wakasema inaingia katika "fi sabilillah", yaani fungu la njia ya Mwenyezi Mungu. Nikiwapa, nitakuwa nimetoa au bado nadaiwa?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Umefanya vyema kuuliza mapema. Wengi hutujia fedha zikiwa zimeshatumika, na hapo fatwa huwa nzito kwa mwulizaji na kwa mjibuji.

Tuseme bidhaa na fedha zako zimefika shilingi milioni 40. Milioni 1 katika hizo ni haki ya watu, na wenyewe wametajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60: mafungu manane, yakianza na mafukara na masikini. Turubai, viti vya kukodi, spika na nauli ya mhadhiri havimo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, "fi sabilillah" ni wapiganaji wa kujitolea wasio na mshahara wa dola. Ni kweli kwamba Baraza la Fiqhi la Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu), Makka, mwaka 1985 liliipanua maana hiyo ikaingia da'wa, kwa hiyo hao waliokuomba hawakuzua jambo. Lakini mimi siwafuati hapo. Mhadhara una mabango na gari la matangazo. Fukara hana wa kumtangazia. Vikigombea fungu moja, tunajua nani atatoka mikono mitupu.

Hata hivyo, usiwafungie mlango moja kwa moja. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu, ameeleza kuwa mtu anayeweza kufanya kazi, ila yumo katika kusoma elimu ya sharia na akishika kazi masomo yatakatika, anafaa kupewa zakat. Basi mwanafunzi wa bweni asiye na cha kula anastahiki. Maalim ambaye anachopata hakimtoshi naye anastahiki, kwa ufukara wake. Hapa pana mtego: asipewe zakat kuwa ndiyo mshahara wake wa mwezi. Mshahara ni deni la taasisi, na ukilipwa kwa zakat yako, aliyenufaika ni taasisi inayodaiwa, si maalim.

Jua pia kwamba hao ni mawakili wako tu. Hawakuteuliwa na mtawala kukusanya zakat, kwa hiyo hawana fungu la "amilina", yaani wakusanyaji wa zakat, wala hawawezi kukata humo kodi ya ofisi. Kabla hujatuma kwa simu, uliza kama namba ya zakat ni tofauti na ya michango. Ukipewa risiti iliyoandikwa "mchango" na basi, zakat, sadaka na pesa za futari vyote kapu moja, bora ugawe mwenyewe. Tanga haikosi mafukara.

Na mihadhara? Itolee sadaka, kwani watu wanahitaji kusikia dini yao. Ukijaaliwa zaidi, weka wakfu. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar alimtaka ushauri Mtume (s.a.w.), akaambiwa azuie asili yake na kutoa mazao yake sadaka. Haikuuzwa, haikutolewa zawadi wala kurithiwa, na msimamizi aliruhusiwa kula kwa wema. Hadithi hii ni ya Bukhari na Muslim. Misikiti mingi ya pwani yetu imeishi kwa minazi ya wakfu, kabla hatujazoea kupitisha bakuli kila Ijumaa. Fremu moja ya duka ikiwekwa wakfu, kodi yake italipa maalim mwaka mzima, hata mwaka ambao biashara yako imelala. Iandikwe, ishuhudiwe, na masharti yatajwe, warithi wasije wakavutana na taasisi.

Wallahu aalam.