Kwa wauguzi wapya mnaopangiwa zahanati za mwambao wa Kigoma

Chuoni mlifanya mazoezi wodini, daktari akiwa jirani. Katika vijiji vya mwambao kusini mwa Ilagala, zamu ya usiku ni wewe, mama mwenye uchungu na ndugu zake. Zahanati haina chumba cha upasuaji, na njia ya kukifikia mara nyingi ni Ziwa Tanganyika. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini-mashariki huchafua ziwa, na boti inaweza kusubiri hadi alfajiri.

Ndiyo maana, wadogo zangu, nawasisitizia jambo moja: rufaa, yaani kumpeleka mama hospitali yenye upasuaji, iamuliwe mapema.

Ishikeni patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu unavyoendelea. Ina mistari miwili ya mshazari. Wa tahadhari huanzia mlango wa kizazi unapokuwa umefunguka sentimita 4, na hupanda sentimita 1 kila saa. Wa kuchukua hatua uko saa 4 mbele yake. Saa hizo 4 ni muda wa safari. Alama zikivuka mstari wa kwanza, mama aanze kuondoka. Wa pili aufikie akiwa tayari mahali penye upasuaji. Hospitalini wanaweza kutathmini na kusubiri kidogo kwa kuwa chumba kipo hapo hapo. Wewe huna nafasi hiyo. Na ijazwe saa ileile unapompima mama. Ikijazwa asubuhi, mtoto akiwa ameshazaliwa, haimsaidii mtu.

Lakini safari yenyewe hupangwa kliniki, miezi kabla. Kuandika uzito na presha kwenye kadi hakutoshi. Muulize mama: nauli mmeweka? Boti ya nani, na namba yake ya simu unayo? Mume asipokuwepo, nani anatoa ruhusa ya kuondoka? Mara nyingi ni mama mkwe, basi mwalikeni aje naye. Na angalieni mwezi. Nyakati za giza wavuvi wako kwenye dagaa usiku kucha, mitumbwi na injini ziko nao. Mbalamwezi ikiwa kubwa, wako nyumbani. Mama anayekaribia kujifungua wakati wa giza, na ana historia ya upasuaji au ya kutokwa damu nyingi, asisubiri uchungu kijijini. Aende mapema akakae karibu na hospitali. Mhudumu wa afya wa kijiji ndiye atakayekusaidia kuwashawishi, maana anawajua na anaongea lugha yao.

Oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitokwe damu nyingi baada ya kujifungua, ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, si kwenye droo ya meza ya kujifungulia. Joto huipunguzia nguvu, na kwa kuitazama tu hutajua. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa 2, na ukiwa ziwani saa 2 ni chache sana. Kwa hiyo kila mama mpe uniti 10 za oksitosini kwa sindano ya msuli ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, ukishahakikisha hakuna pacha tumboni.

Kabla boti haijaondoka, piga simu kule anakopelekwa. Kwenye barua andika saa uliyogundua tatizo, presha, dawa ulizompa na saa ulizompa. Siku mbili tatu baadaye piga tena uulize kilichompata, kisha mjadili na wenzako wa zamu nyingine.