Maswali ya Wasomaji: Nimkalishe Mama Upande Gani wa Ndege?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mwezi wa Agosti, inshallah, nitamleta mama nyumbani kwa ndege kutoka Nairobi, na itakuwa mara yake ya kwanza kupanda. Amezaliwa Kisauni, Mombasa, na hamu yake ni moja tu, kuiona pwani yake kwa juu. Rafiki zangu wananishauri nichukue dirisha la kulia. Je, ni kweli? — Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba. Rafiki zako hawakukosea, ila ushauri wao unafaa kwa mlima. Ndege itokayo Nairobi huelekea kusini-mashariki, kwa hivyo Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, hubaki mkono wa kulia. Pwani haionekani vizuri mpaka dakika za mwisho, na hapo kinachoamua upande ni upepo.

Ndege hutua ikiukabili upepo. Uwanja wa ndege wa Moi uko bara, magharibi ya kisiwa cha Mombasa, na njia yake kubwa ya kutulia imelala kutoka kaskazini-mashariki hadi kusini-magharibi. Msimu wa kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, ndege mara nyingi huingia ikitokea kusini-magharibi, na bahari huwa kulia. Agosti ni kusi, upepo utokao kusini: rubani kwa kawaida huzunguka hadi nyuma ya Mtwapa, kisha hugeuka kuelekea kusini-magharibi, na pwani yote ikawa kushoto. Kwa hivyo mkalishe mama kushoto, kwenye kiti chenye herufi A. Upepo ukilala, waongozaji wa ndege huweza kuamua vingine, lakini mimi ningeuacha mlima bila kusita, kwa kuwa mama hakuulizia mlima.

Kama tarehe iko mikononi mwako, tazama mwezi kabla ya kukata tikiti. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Ndege itakayotua kati ya saa nne na saa tano itaukuta mwamba uko wazi: mstari mweupe wa povu kutoka Shanzu kupita Bamburi hadi Nyali, kusi ikiupiga kwa nguvu, ndani yake maji ya kijani yenye mabaka ya mchanga na mwani, na nje yake, ghafla, buluu nzito ya kilindi. Jua nalo litakuwa limeshapanda, lisimtie kiwi. Karibu zaidi ataona mapaa ya Kisauni, Daraja la Nyali, hori la Tudor, na mbele kidogo winchi za bandari ya Kilindini.

Kuhusu safu, katika ndege ya jeti kaeni mbele ya bawa, kwa sababu nyuma ya injini hewa ya moto huifanya picha itetemeke. Ndege ya mapanga (propela) yenye mabawa juu ya madirisha haina shida hiyo, mradi msikae ubavuni mwa injini, ambako katika baadhi yake hata magurudumu hushukia. Chagueni viti mapema, na mkiketi, mpangusie mama kioo kwa leso.

Mkanda aufunge mapema pia. Mtakaposikia mngurumo wa magurudumu yakishushwa, Kisauni iko karibu kutokea, na dakika hizo chache macho yake yasitoke dirishani.