Ukitaka Kumuenzi Griffith Edwards, Kaa na Mnywaji Umsikilize

Tangu nisome kumbukizi ya Griffith Edwards, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza aliyetafiti uraibu wa pombe, kwenye mahafali ya wanasihi mwezi uliopita, simu yangu haitulii. Ukumbi mzima ulisimama kunipigia makofi, na wengi wenu mnaniuliza swali lile lile: nami nitaandikaje vile juu ya msomi ambaye sikuwahi hata kumwona?

Sikuanza na wasifu wake. Kwamba alizaliwa India mwaka 1928, akaanzisha kitengo cha utafiti wa uraibu jijini London mwaka 1967 na kufariki 2012, hayo utayapata popote. Nilianza na fundi seremala mmoja.

Nilikuwa mgeni kazini. Asubuhi moja akaletwa na mkewe, akapewa chai. Alikishika kikombe kwa mikono miwili na bado chai ikamwagikia mapajani. Mkewe akasema, "Huyu mpaka azimue ndiyo vidole vitulie." Mkubwa wetu akawarudisha nyumbani: mtu mzima hana adabu, aje akishaacha pombe. Nilipotamka kwamba huyu ni mgonjwa, nikaambiwa mbele ya wenzangu kuwa nimekosa kazi, ndiyo maana nahangaika na walevi. Neno lile linaniuma mpaka leo, sifichi.

Usiku ule nikasoma makala ya Edwards na mwenzake Milton Gross ya mwaka 1976, kuhusu dalili za mtu aliyetekwa na pombe, na fundi wangu nikamkuta mle ndani. Mwili unaobeba kiasi cha pombe ambacho kingewaangusha wengine. Mtetemeko na jasho pombe ikipungua mwilini. Kunywa asubuhi ili hali hiyo ipoe. Pombe kutangulia mbele ya mke, kazi na chakula. Na aliyeacha kwa muda, akionja tena, yote humrudia upesi. Edwards alisisitiza kwamba utegemezi wa pombe, yaani hali hiyo ya fundi wangu, una viwango, tena ni jambo tofauti na madhara ya pombe: mtu anaweza kuvunja ndoa yake kwa ulevi bila kuwa mtegemezi. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote aliyotuachia.

Basi ushauri wa kwanza: soma alichoandika msomi mwenyewe, achana na sifa alizopewa na wengine. Wa pili ni huo huo, ila soma ukiwa na mgonjwa mmoja kichwani.

Mwaka 1977 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa wanaume 100 wenye ndoa na tatizo la pombe. Nusu walipewa tiba ya miezi kadhaa. Nusu nyingine walikaa kikao kimoja tu cha ushauri pamoja na wake zao, wakaelezwa kwamba kubadilika kuko mikononi mwao. Baada ya mwaka, makundi hayo hayakuwa na tofauti ya maana. Daktari wa tiba kuchapisha matokeo kama hayo, huo ni ujasiri! Lakini msiyachukue nusunusu. Kabla ya kikao kile mume na mke walichunguzwa kwa kina. Na anayetetemeka asubuhi akiacha ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Huyo apelekwe hospitali kwanza.

Ndugu zangu, tumezoea kuwaenzi wasomi kwa mabango na keki, huku mgonjwa amekaa kwenye benchi nje. Yale maswali 10 ya AUDIT, kipimo cha unywaji pombe cha Shirika la Afya Duniani, ambayo Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 6 zilizoshiriki kuyatengeneza, tunayo kwenye mafaili. Nani anayauliza? La 6 linahusu kinywaji cha asubuhi baada ya kulewa sana. Usilisome kama karani. Muulize, "Huwa unazimua?" kisha nyamaza, mwache ajibu kwa muda wake. Halafu msikilize na mkewe.

Mnaoomba nakala ya hotuba yangu, siitumi. Makala ya 1976 ina kurasa 4 tu. Isomeni leo, kesho mkiingia zamu mwanze na huyo wa kwanza kwenye benchi, pamoja na aliyemleta.