Swali la lugha: nguzo imeyeyuka au imelegea?

Msomaji wa Morogoro anauliza, ghorofa la chuma likiungua tuseme nguzo "zimeyeyuka" au "zimelegea"? Na vile vyuma vya nguvu (vinavyotengenezwa viwe imara kuliko vya kawaida) vikishapigwa moto vikapoa, kuna neno la kusema vimepungua nguvu?

Nianze na hilo yeyuka maana limenichosha. Kila moto ukitokea mtangazaji anasimama mbele ya boriti iliyojikunja anasema "chuma kimeyeyuka". Jamani, kimeyeyuka wapi na umbo lake unaliona hapo? Yeyuka (na yeyusha, kama waka na washa) ni kitu kigumu kugeuka maji, kama siagi kikaangoni. Sasa chukua mshumaa uusimamishe dirishani jua la saa nane, jioni utaukuta umeinama kichwa chini lakini utambi uko palepale na nta haijadondoka hata tone. Huo umelegea, haujayeyuka, na ukiutwisha hata kijiko utalala. Chuma ndio hivyohivyo, kuyeyuka kwake ni kwenye nyuzijoto kama 1,500 ambazo moto wa nyumba haufiki, ila kwenye 600 tu karibu nusu ya nguvu imeshaondoka. Yale majengo pacha ya New York mwaka 2001, watu mpaka leo wanabishana eti mafuta ya ndege hayawezi kuyeyusha chuma, ubishi wote huo umezaliwa na kitenzi kibaya! Ndege zilikata nguzo zikang'oa na kinga ya moto, zilizobaki zikalegea, basi. Dirisha la aluminiamu sawa, hilo linayeyuka kweli, 660 tu.

Swali la pili, neno lipo na wahunzi wanalo tangu zamani: matiko. Kutia matiko ni kukichoma chuma kiwe chekundu halafu unakizamisha kwenye maji kikaze. Vyuma vingi vya nguvu, na nondo nyingi za siku hizi, nguvu zao ni za matiko ya kiwandani. Chuma cha kawaida kikipoa kinarudisha sehemu kubwa ya nguvu yake, ila hivi vikipita hiyo 600 vimetoka matiko, havirudi, na kwa macho huoni tofauti. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, maana mtaani kwetu fundi ananyoosha nondo za nyumba iliyoungua akajengee nyingine, ukimuuliza anakujibu "hazijayeyuka hizi, mzee". Ni kweli hazijayeyuka. Zimetoka matiko.