Mwalimu asiye na darasa: maswali yenu kuhusu Súsanna Helena Patursson

Wiki iliyopita nilimtaja mama huyu kwa mstari mmoja tu, mkaniandama kwa maswali. Haya basi.

Faroe ni wapi, na huyo Súsanna ni nani?

Ni visiwa 18 vya Atlantiki, kati ya Iceland na Norway, chini ya Denmark. Súsanna alizaliwa Kirkjubøur mwaka 1864, akafariki 1916. Jóannes Patursson, mwanasiasa aliyedai visiwa vijitawale, ni mdogo wake, ingawa ndiye anayetajwa kwanza siku zote.

Umemwita mwalimu. Alifundisha shule gani?

Sikumwita hivyo kwa sababu ya chaki. Enzi zake kanisani na shuleni kilitawala Kidenmark. Kifaroe kilikuwa lugha ya nyumbani, ya kuimbia na kusimulia hadithi. Hata tahajia yake ilipangwa 1846 tu. Kwa hiyo mwanamke aliijua lugha yake barabara, ila kuisoma hakufundishwa. Mwaka 1905 Súsanna akaanzisha *Oyggjarnar*, yaani Visiwa, gazeti la kwanza la wanawake huko, akalihariri kwa Kifaroe hadi 1908. Mwaka uliofuata akatoa kitabu cha mapishi, kwa lugha hiyohiyo.

Mapishi tena! Huko si kumrudisha mwanamke jikoni?

Alikuwa jikoni tayari, ndugu yangu. Súsanna alimfuata hukohuko. Anayetafuta namna ya kupika samaki atasoma kwa makini kuliko mwanafunzi yeyote, na gazeti lake lilimpa pia hoja za haki zake. Mimi naona huo ni ujanja wa mwalimu hodari.

Ni kweli aliandika mchezo wa kuigiza?

Kweli, *Veðurføst*, ulioigizwa 1889. Ndio mchezo wa kwanza kuandikwa kwa Kifaroe. Jina lake lina maana ya kukwama safarini kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Aliyewahi kulala bandarini akingoja bahari itulie hahitaji maelezo zaidi.

Shule zao zilikubali Kifaroe lini?

Zile za serikali, 1938, miaka 22 baada ya yeye kuzikwa. Shule ya vijana wakubwa iliyofunguliwa 1899 na Símun av Skarði na Rasmus Rasmussen haikusubiri ruhusa hiyo.