Dakika 40, masenta wawili: mi ningegawa hivi

Mhariri habari za kazi. Swali lenu la wiki hii la mpira wa kikapu, kwamba timu ya chuo ikiwa na masenta wawili (wale wakubwa wanaocheza chini ya ringi) na wote wanajua kucheza, kocha awagawie vipi dakika 40 za mechi, limenigusa kabisa, maana mi nilicheza senta chuoni hapa Dar na miaka miwili nilikua wa benchi, kwahiyo ntaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Jibu langu ni kwamba sio nusu kwa nusu. Mmoja apewe kama 25, mwenzake 15, na huyu wa 15 azijue dakika zake kabla mechi haijaanza, azijue kama anavyojua namba ya jezi yake.

Mfano wangu ni UConn, chuo kikuu cha Connecticut kule Storrs, Marekani. Wabongo wengi tuliijua hiyo timu kwa sababu ya mtu mmoja tu, Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, mita 2.21, alicheza pale toka 2006 mpaka 2009 chini ya kocha Jim Calhoun na akatoka akachaguliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA, yaani pale timu za ligi ya kulipwa ya Marekani zinapochagua vijana wapya. Msimu wake wa mwisho alikua anacheza dakika zaidi ya 31 kila mechi, anapiga bloku (kuzuia mitupo) 4 na ushee, timu ikafika nne bora za vyuo vya nchi nzima. Nilikua nakesha kwa ajili yake, na toka hapo sijaiacha ile timu.

Ila ndo hapo hapo nilipoanza kuelewa hili swali lenu. Februari 2009 UConn ikiwa namba moja nchini walikutana na chuo cha Pittsburgh, na Pittsburgh walikua na jamaa anaitwa DeJuan Blair, mfupi kwa Thabeet kwa sentimita kama 20 ila mpana, mzito, anajua kutumia kiuno. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi (kudaka mpira mtupo ukikosa) 23, Thabeet pointi 5 na ribaundi 4, Pittsburgh wakashinda 76-68. Sasa hapo huwezi kusema Thabeet ni mbovu, alikua mmoja wa walinzi bora kabisa nchi nzima. Ila kuna siku mpinzani ana umbo ambalo senta wako mkuu halipendi, na siku hiyo kama huna mtu wa pili aliyezoea kucheza dakika za maana unabaki unaangalia tu. Mtu wa pili haandaliwi siku ya tatizo, anaandaliwa Novemba msimu ukianza.

Nije 2023, maana hapo ndo Dan Hurley, kocha wa UConn, alinionyesha kitu. Alikua na Adama Sanogo wa Mali, ana misimu miwili nyuma yake pale, nguvu kama ukuta, na alikua na dogo wa mwaka wa kwanza Donovan Clingan, mita 2.18, wote masenta wa ndani kabisa. Hakuwachezesha pamoja kulazimisha, maana namba nne, yule mkubwa anayecheza pembeni ya senta, alikua na Alex Karaban anayepiga mitupo ya pointi tatu kutoka nje, na ukiweka miti miwili chini ya ringi wale wapigaji wanakosa nafasi na mapasi yote yanagongana mle ndani. Kwahiyo Sanogo dakika kama 26, Clingan 13 hivi, jumla karibu 40 kamili. Na zile 13 za Clingan hazikua dakika za kupumzishia mtu, dogo alikua anapata karibu pointi 7 na ribaundi 5 na nusu kwa muda huo mfupi! Mpinzani aliyesukumana na Sanogo dakika saba anageuka anakuta limeingia jitu lingine refu zaidi halijatoka hata jasho.

Halafu kuna jambo ambalo sisi huku tunalielewa haraka kuliko Wamarekani wenyewe. Mashindano ya ubingwa wa vyuo mwaka ule yakiwa katikati Ramadhani ikaingia, na Sanogo ni Muislamu, akafunga. Kule Las Vegas mechi mbili walianza kucheza jua halijazama bado, yaani mtu hajagusa maji toka alfajiri anaenda kugombania ribaundi na watu wa kilo mia na kitu. Waliwapiga Arkansas 88-65 halafu Gonzaga 82-54. Sanogo alipambana sana na akaja kua mchezaji bora wa nne bora, fainali dhidi ya San Diego State alikua na pointi 17 na ribaundi 10, ila mi naamini kabisa bila Clingan kuwepo pale na dakika zake zinazoeleweka ule mfungo ungekua mzito mara mbili. Kocha asingekua na pa kukimbilia.

Sasa kuhusu lini umtoe lini umrudishe, watu wengi hawaangalii hili. Mechi za vyuo vya wanaume Marekani ni hafu mbili za dakika 20, na kila hafu kuna mapumziko ya tv, mpira ukisimama tu baada ya saa kushuka chini ya dakika 16, 12, 8 na 4. Yale mapumziko ni marefu. Ukimtoa senta wako zikiwa zimebaki 12 na nusu, mapumziko ya tv yakaja, ukamrudisha kwenye tisa, kwenye karatasi kapumzika dakika tatu na nusu tu ila ki ukweli mapafu yake yamepata muda mara mbili ya hapo. Senta ndo anakimbia kwa shida kuliko wote, mwili mkubwa, anaweka skrini (kusimama kumzuia mlinzi ili mwenzake apite), anakimbia kurudi kulinda ringi, anasukumwa. Ukimsubiri mpaka aonekane amechoka ushachelewa, ashapiga faulo ya kivivu.

Na faulo ndo hesabu yenyewe hasa. Chuo ukipiga tano umetoka, sio sita kama NBA. Senta mmoja ana tano, masenta wawili wana kumi. Fainali ya 2024 UConn walikutana na chuo cha Purdue cha Zach Edey, mita 2.24, mtu ambaye kila timu ilikua inamlundikia watu wawili watatu. Hurley hakufanya hivo. Alimwachia Clingan apambane nae mmoja kwa mmoja, akichoka au faulo zikisogea anaingia Samson Johnson wa Togo, wale wengine wote wabaki na wapigaji wa nje. Edey alipata pointi 37, sawa, ila Purdue nzima ilifunga tatu moja tu usiku mzima na wakalala 75-60. Ule mpango haufanyiki ukiwa na senta mmoja anayeogopa faulo ya tatu. Na Johnson hakuokotwa siku ile, Desemba Clingan alipoumia mguu akakosa mechi tano ni Johnson aliyeanza zote, na UConn walishinda zote tano.

Kuna wanaosema anayeanza ndo mkubwa, mi sikubaliani. Msimu wa 2024-25 Johnson ndo alikua anaanza na Tarris Reed anatokea benchi, na Reed akachukua tuzo ya mchezaji bora wa akiba wa ligi yao ya Big East. Kuanza ni heshima tu, angalia nani yuko ndani dakika nne za mwisho.

Nilivyokua wa benchi mimi kocha alikua haniambii kitu, ananiangalia tu anasema ingia, kuna mechi dakika mbili, kuna mechi kumi na nane, kuna mechi sivui hata traki. Nikiingia nacheza kwa woga, naogopa kosa moja nitatolewa, na mwenzangu niliyekua nabadilishana nae alikua ananiona kama mwizi wa dakika zake wakati tunakaa chumba kimoja. Iliniuma sana na mpaka leo nawafundisha vijana wangu tofauti. Jumatatu nawakalisha masenta wote wawili pamoja, sio mmoja mmoja, nawaambia Jumamosi wewe 25 wewe 15, wewe unaingia zikibaki dakika 13 za hafu, mpinzani akiwa mfupi mzito tunageuza, na dakika nne za mwisho anabaki mwenye faulo chache na anayeingiza mitupo ya adhabu siku hiyo. Wiki iliyopita wa 15 ndo alimaliza mechi, na wa 25 alikua wa kwanza kusimama benchi kumpigia makofi.