Sufuria iliyoliwa na soda

SWALI: Shangazi, nilitaka kupika sabuni ya mafuta ya nazi. Kumimina maji ya kostiki soda kwenye sufuria ya alumini, yakafoka bila moto na sufuria ikawa nyeusi. Kwa nini? – Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Mwanangu, yangu mimi ilitoboka kabisa, na ilikuwa ya mama mkwe! Soda hiyo hula alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Shukuru jiko lilikuwa mbali. Chuma cha pua hakiliwi. Kilo 1 ya mafuta ya nazi yataka soda gramu 180 hivi, yageuke sabuni na glisirini. Soda ndiyo itiwe majini, si maji juu ya soda, yatakurukia machoni. Ikikugusa, jioshe kwa maji mengi. Usijipake siki kuizima, hiyo waachie wapika achari.